Tulipookoa Maganda Tukamwaga Sufuria

Wanangu,

Jumamosi ile pale Spånga, kwenye mkutano wetu hapa Stockholm, watu wamekwisha kula na kila mmoja anatafuta koti lake kwenye lile rundo, kijana mmoja wa Nakuru alinishika mkono akanionyesha simu yake. Ilikuwa imejaa matangazo ya punguzo. Akaniambia, "Mzee, mimi maziwa nanunua huku, mchele kule, sabuni ng'ambo ya mji. Mke wangu anasema napoteza muda kwa visenti. Wewe umepika jikoni za shule miaka mingi, na kule najua mnabana matumizi. Hebu amua, nani ana haki kati yetu?"

Nilicheka. Mtu mzima hajitii kati ya mume na mke huku koti lake likiwa bega moja. Nikamwahidi nitamjibu kwa kuandika, ili na ninyi wengine mnaotumiana picha za punguzo kwenye kundi letu la simu msome. Ila jibu langu si ndiyo wala hapana. Ni habari ya mwaka mmoja jikoni kwetu, mwaka ambao tulikimbizana na akiba ndogo ndogo mpaka tukagongana vichwa.

Kwa wasionijua, mimi ni Shaabani, mtoto wa mpishi wa shughuli kutoka Tanga. Baba yangu akialikwa kupika pilau ya harusi, masufuria yalitangulia kwa mkokoteni na yeye akafuata nyuma kwa miguu, kama mtu anayesindikiza wageni wake. Sikuitaka kazi ile. Nilikuja huku kusomea ufundi wa mitambo, nikasoma, nikaingia kiwandani, kiwanda kikafungwa, na siku ya siku nikajikuta nimevaa aproni katika jiko la shule moja hapo Rissne. Baba alipopata habari kwenye simu aliuliza jambo moja tu, "Sufuria zao kubwa kiasi gani?"

Mkuu wa jiko alikuwa Gunilla, mama wa Kiswidi mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Hakuwahi kumfokea mtu. Akiwa na neno na wewe alisogea karibu, akalisema mara moja, akarudi kwenye kazi yake, nawe ukabaki nalo siku nzima.

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa juu ya viazi. Siku niliyoachiwa kupika peke yangu nilipika kama nilivyomwona baba akipika: chakula chote kwa pamoja, mapema, kisha nikafuta mikono nikangojea sifa. Watoto wa zamu ya kwanza walikula vizuri. Wa zamu ya mwisho walikuta viazi vimegeuka rangi ya saruji, ukivigusa vinamomonyoka. Gunilla akasogea. "Shaabani, harusi inakula mara moja. Shule inakula kwa zamu. Wapikie hawa walio mlangoni. Wale ambao bado wako darasani, viazi vyao navyo bado ni vibichi."

Ilinichukua muda kuufundisha mkono. Mtu aliyezoea sufuria kubwa huona aibu kupika trei moja, kisha nyingine, kisha nyingine, kama anayepikia mgonjwa. Lakini jaribuni hata nyumbani mkialika watu. Wali unaotoka jikoni mara mbili ukiwa wa moto unaliwa wote, na wali uliopikwa mara moja ukakaa unabaki kwenye sahani.

Watatu wetu alikuwa Solange, mama wa Bukavu, aliyeajiriwa nyuma yangu. Kiswahili chetu kilikuwa kimoja na hakikuwa kimoja. Mimi nasema watoto, yeye batoto. Mimi nasema asante, yeye aksanti, na akifurahi sana anaongeza merci. Mwanzoni tulirudi kwenye Kiswidi ili tuelewane, mpaka siku moja Gunilla akatuambia kwamba anapenda kutusikia tukibishana kwa lugha yetu, jiko linapata uhai. Basi tukabishana.

Solange alikuwa na watoto wadogo na alikaa Vårby gård, kwenye chumba alichopangishwa na mtu ambaye naye alikuwa amepangishwa. Mnaijua hali hiyo. Leo uko, kesho unaambiwa mwenyewe anarudi. Alikuwa amepanga foleni ya mji ya nyumba za kupangisha kwa miaka, akihesabu siku atakapofungua mlango wenye jina lake. Na mwaka ule ninaousimulia ndio foleni ilipomfikia. Mwenye nyumba hiyo mpya alitaka jambo moja tu: awe na kazi kamili.

Katika msimu ule ule wa vuli akaja Jonas. Alikuwa amewekwa na manispaa kusimamia chakula cha shule, kijana mwembamba anayetembea na helmeti ya baiskeli mkononi kama kikapu. Sitaki mumwone mbaya. Angeweza kutuma ujumbe kwenye kompyuta, lakini alikuja mwenyewe, akakaa nasi kwenye meza ya jikoni, akatutazama usoni.

"Jiko hili linatumia kuliko linavyopewa," alisema. "Mwaka wa shule ukiisha na hali iko hivi, nitalazimika kupunguza nafasi moja. Itabaki nusu."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Hapa utaratibu ni kwamba aliyeingia mwisho ndiye anayeguswa kwanza. Mimi nikaangalia kikombe changu, Gunilla akaangalia dirisha. Solange ndiye aliyesema.

"Bon," alisema. "Ni mimi." Akainuka akaenda kuosha masinia, na siku ile aliyaosha kwa kishindo.

Jonas alipoondoka, Gunilla alikuja katikati yetu. "Hakuna anayepunguzwa hapa. Tutapunguza vitu, si watu. Kila mtu afikirie."

Wanangu, tulifikiria mno. Mimi wazo langu la kwanza lilikuwa karatasi za kufutia midomo. Nikazikata katikati kwa kisu, rundo zima, nikajiona bingwa. Watoto wakachukua nusu mbili badala ya moja, kisha wakagundua kwamba nusu inapaa vizuri ukiipuliza. Nilifagia sakafu ya bwalo nikiwa nimenuna. Solange naye akaamua kuzima taa ya chumba cha baridi kila tukitoka, mpaka asubuhi moja akaingia gizani akajigonga kipaji cha uso kwenye rafu ya maziwa. Alitoka na nundu, na Gunilla akaniagiza nikaiwashe taa na nisiiguse tena.

Kisha likaja suala la vitunguu.

Solange alinitajia duka moja karibu na kwake linalouza vitunguu kwa gunia, bei ya chini kabisa. Sisi jikoni tulikuwa tunakula vitunguu kama moto unavyokula kuni. Nikasema, hapa ndipo. Jumamosi mke wangu Mwanaidi alikuwa zamu katika nyumba ya wazee anakofanyia kazi, kwa hiyo nikaondoka na binti yetu Hawa, wakati huo msichana wa shule ya msingi, mwenye maoni juu ya kila kitu.

Kutoka Rissne hadi Vårby gård ni kuvuka mji mzima kwa treni ya chini, kubadilisha katikati ya mji, na kurudi vivyo hivyo. Kwenda kulikuwa raha. Kurudi nilikuwa na gunia begani na jingine dogo nimelikokota kwenye kigari cha mkono. Hawa alikuwa anatembea hatua kadhaa mbele, ili watu wasijue tuko pamoja.

"Njoo unishikie hiki," nikamwambia.

"Jag orkar inte, pappa," akajibu, maana yake hana nguvu, ingawa dakika hiyo hiyo alikuwa anaruka kwa mguu mmoja.

Pale katikati ya mji, unapotoka mstari mwekundu kwenda mstari wa bluu, kuna ngazi za umeme ndefu zinazokushusha chini kabisa. Nilikuwa juu kabisa ya ngazi hizo gunia lilipopasuka. Halikupasuka kwa kishindo. Kitunguu kimoja kilianguka, kikafuata cha pili, kisha nikasikia mgongo wangu umekuwa mwepesi ghafla. Vitunguu vikashuka ngazi vikiruka, vikigonga viatu vya watu, vikipishana kama wanafunzi waliosikia kengele.

"Pappa, sluta!" Hawa alinipigia kelele niache, kana kwamba ni mimi ninayevirusha. "Alla tittar!" Kila mtu anatutazama.

"Waache watazame, mwanangu! Wewe okota!"

Hapa Stockholm unaweza kupanda treni na jirani yako miaka na usiijue sauti yake. Siku ile bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi, aliyekuwa chini ya ngazi, alivizuia vitunguu kwa mguu kama golikipa, kimoja baada ya kingine, bila hata kutabasamu. Msichana mwenye vifaa masikioni alivua kofia yake akaijaza. Bibi mmoja aliniletea kitunguu kimoja tu, akakifuta kwa kitambaa chake kwanza. Hawa alikuwa ameona aibu mpaka aibu ikamwishia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikamfuata. Tulirudi Rissne na vitunguu kwenye kofia ya mtu, kwenye mfuko wa mtu, na kwenye mikono ya koti langu niliyoifunga mafundo.

Jumatatu Gunilla aliyatazama mavuno yangu. "Vimetoka wapi?"

Nikamweleza.

"Shaabani, manispaa inanunua kwa wauzaji wenye mkataba tu. Siwezi kuwapa watoto kitu ambacho siwezi kueleza kimetoka wapi." Akasogea karibu. "Na nikuulize. Jumamosi yako umeiuza kwa bei gani?"

Nilirudi nyumbani na vitunguu pamoja na lile swali. Vitunguu tulivila mpaka Mwanaidi akalalamika kwamba hata sare zake za kazini zinanukia. Swali nalo nilikaa nalo. Nilipopima nilichookoa na siku niliyoitoa, niliona ningepata zaidi kwa kulala kitandani. Lakini nisiwafiche: Hawa aliisimulia habari ile kwa mama yake wiki nzima, kwa vitendo, akiigiza yule bwana golikipa, na hadi leo akiwa mtu mzima mwenye kazi yake anaisimulia. Kwa hiyo kama mpishi nilipata hasara, kama baba nikapata faida. Mnaona kwa nini nilikataa kumjibu yule kijana mlangoni? Ukiwa unakwenda kununua sabuni ng'ambo ya mji, jiulize kwanza unakwenda na nani. Kama ni safari unayoipenda, basi iite safari, usiiite akiba. Chupa tupu mimi napeleka mwenyewe kwenye mashine ya dukani mpaka kesho, kwa sababu njia ile inanyoosha magoti na nakutana na watu. Senti zinazotoka pale nazichukulia kama bahati.

Baada ya vitunguu tulipaswa kuwa tumeelimika, lakini bado. Tukaingia kwenye viazi.

Viazi vya shule vilikuwa vinaletwa vimekwisha menywa, kwenye mifuko. Visivyomenywa bei yake ni ya chini zaidi. Safari hii lilikuwa wazo letu sisi wawili, mimi na Solange, na nilijua kwa nini yeye alilishikilia. Mtu ambaye kazi yake inaning'inia hawezi kukaa mikono mitupu.

"Mimi nilianza kumenya mihogo nikiwa mutoto," alimwambia Gunilla kwa Kiswidi chake, na neno "mutoto" likapita humo humo. "Viazi vitanishinda?"

Gunilla alitutazama sote wawili, akasema tujaribu.

Tukamenya. Asubuhi tuliingia mapema, tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukamenya mpaka vidole vikajikunja vyenyewe. Mwanzoni ilikuwa furaha. Solange alinifundisha nyimbo za kanisani kwao na mimi nikamfundisha majina ya viungo vya pilau. Lakini saa za jikoni hazitanuki. Tulipokuwa tunamenya, hakuna aliyekuwa anafuta meza bwaloni, hakuna aliyekuwa anaonja chumvi, na siku moja hakuna aliyekuwa anakoroga sosi.

Ilikuwa sosi ya kahawia ya kula na vidonge vya nyama, chakula ambacho watoto wa hapa wanakihesabia siku. Nilisikia harufu nikiwa na kiazi mkononi. Sasa sikilizeni, hili litawafaa hata mkiwa na kisufuria kidogo cha maharage: chakula kikishika chini, usikwangue. Zima moto, mimina kilicho juu kwenye chombo kingine taratibu, na kile cha chini ukiage. Mimi nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini nilikuja mbio, nina haraka, nina hofu, nikachukua mwiko nikakwangua. Ule moshi ukaingia kwenye sufuria nzima. Gunilla alionja, akatikisa kichwa, tukaimwaga yote. Watoto wakala vidonge vya nyama na siagi, na baadhi walilia.

Gunilla alisimama kati ya ndoo ya maganda na pipa lililojaa sosi. "Haya," alisema. "Tumeokoa maganda, tumemwaga sufuria."

Solange aliinamisha kichwa. Nilidhani Gunilla atatukasirikia, lakini alivuta ndoo moja naye akakaa.

"Kuanzia kesho viazi vinakuja vimemenywa," alisema. "Na muda ule mliokuwa mnautumia kumenya, nautaka. Nendeni mkale na watoto. Miaka yote nimetaka tukae nao, na miaka yote tuna kazi nyingine."

"Tukifika huko tufanye nini?" nikauliza.

"Mle."

Mimi nilijua tu kwamba ule ulikuwa mwisho. Kukaa na kula, wakati mwenzetu anakaribia kupoteza nusu ya mshahara! Lakini Solange alivua aproni siku ya pili yake, akachukua trei, akaenda kukaa na watoto wa darasa la pili, karibu kabisa na mlango, palipokuwa na pipa la mabaki. Pipa lile lilikaa juu ya mizani, na kila siku lilikuwa zito. Sisi wapishi tulikuwa tumejipa sababu zetu: samaki hawawapendi, chumvi imepungua, watoto wa siku hizi wanadeka.

Kando yake alikaa mvulana aitwaye Viggo. Solange alinisimulia baadaye. Viggo alikula kama anayekimbizwa, mdomo umejaa, macho yako dirishani, kisha akainuka na nusu ya chakula.

"Si kitamu?" Solange akamuuliza.

"Ni kitamu."

"Sasa mbona unamwaga?"

"Wakubwa watachukua goli," akasema Viggo, akamwaga, akatoka mbio.

Solange alirudi jikoni macho yanang'aa. "Papa Shabani, chakula hakina kosa. Batoto banakula huku roho iko inje. Muda wa kucheza unakuja nyuma ya chakula, njo maana banakimbia."

Sikumwamini. Mpishi ni mtu wa majivuno, hata anapojilaumu anataka kosa liwe la chumvi yake. Lakini kesho yake nikaenda mwenyewe nikakaa, magoti yangu yamegusa meza yao ndogo. Niliona miguu. Chini ya meza miguu yote ilikuwa inacheza tayari. Juu ya meza uma unachoma kiazi, chini mpira umeshaanza.

Gunilla akaenda kwa mwalimu mkuu pamoja na Solange, kuomba watoto wadogo wacheze kwanza kisha ndipo wale. Mwalimu mkuu hakukataa, lakini alikuwa na maswali, na yalikuwa maswali ya haki. Glovu zilizolowa zitakaushwa wapi? Nani atasimamia kunawa mikono? Ratiba ya walimu itapangwaje, maana ukivuta uzi mmoja nguo yote inasogea? Hapo ndipo Jonas alipotufaa. Gunilla alimwita, akaja, akaiweka helmeti yake mezani, akala na darasa la pili kama sisi. Kisha akakaa na mwalimu mkuu mchana mzima wakiipangua ratiba na kuipanga upya, kazi ambayo mimi wala Gunilla tusingeiweza. Alipotoka alikuwa na sosi kwenye shati.

"Tutajaribu," alisema.

Siku ya kwanza ilikuwa fujo. Theluji ilikuwa imeanguka, na watoto waliingia bwaloni mashavu mekundu, buti zinatiririka, glovu zimetundikwa kwenye kila kipasha joto mpaka bwalo likanuka kama zizi la kondoo. Mwalimu mmoja aliteleza. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kusema niliwaambia. Lakini walikaa. Walikaa na kula, wakaongea, wakarudi kuongeza. Baada ya chakula nikaenda kutoa mfuko wa mabaki kama kawaida, nikainama, nikakaza mgongo, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na nusura nianguke nyuma. Nilidhani kuna mtu ameshautoa.

Toka hapo Solange akakaa dirishani pa kugawia chakula, akiangalia foleni, na akawa ananiitia ndani: "Papa, tia trei moja tu! Moja!" Au: "Leo bako na njaa, tia mbili!" Na mimi natia. Hatukuwa tunahangaika tena. Huo ndio utofauti nilioujua mwaka ule. Kuna akiba ambayo kila siku inakuja kukudai: leo kata karatasi, leo menya, leo vuka mji, na siku ukichoka inakufa. Na kuna akiba unayoitafutia njia mara moja, kwa jasho pengine, kisha inaendelea kufanya kazi wewe ukiwa umekaa. Ya pili hiyo hata iwe ndogo namna gani, ifuateni. Ya kwanza ipimeni vizuri, na mkiipima msisahau kuuliza muda huo mnautoa kwa nani.

Yule kijana wa Nakuru asidhani nasema aache. Mke wake naye namwambia vivyo hivyo. Kaeni pamoja, chagueni kimoja mnachokinunua kila wiki, mkitafutie njia ya kudumu, kisha zimeni hiyo simu mle.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Majira ya baridi watoto waliugua tumbo, nusu ya shule ikalala nyumbani, tukabaki na chakula hatujui tukipeleke wapi. Majira ya kuchipua Jonas alisema tunakwenda vizuri lakini hajui kama inatosha, kwa sababu uamuzi si wake peke yake. Solange alikonda. Siku moja tulikuwa tunapokea mzigo mlango wa nyuma, akaweka boksi chini, akasema bila kunitazama, "Mwenye nyumba ameandika tena. Anataka jibu. Nikibaki na nusu kazi, ile nyumba itaenda kwa mwingine, na batoto nimeshabaonyesha dirisha lao."

Nikabeba lile boksi, yeye akabeba jingine.

Ilikuwa Alhamisi, shule inakaribia kufungwa. Alhamisi hapa ni supu ya njegere kavu na chapati za maji, na chapati za maji zina sheria kali: kila mtoto mbili, na jamu kijiko kimoja, la sivyo wa mwisho wanakosa. Jonas aliingia bila kusema atakuja. Akapanga foleni pamoja na watoto wa darasa la pili, trei mkononi, mrefu kati yao kama mlingoti. Alipofika dirishani alimwambia Solange, "Unaweza kukaa kidogo tuongee?"

"Siwezi. Foleni inasubiri."

Basi akasema pale pale, vichwa vya watoto vikiwa kati yao. Akasema jiko limefikia lengo la matumizi, na wakubwa wake wamekubali. Nafasi yake inabaki nzima. Na yule mwenye nyumba alikuwa amempigia Jonas simu asubuhi ile, kuulizia habari za Solange. "Nimemwambia una kazi kamili hapa, na kwamba sisi tunataka ubaki. Amesema basi nyumba ni yako."

Solange alisimama na chapati imening'inia kwenye koleo. Akageuka akaniita, mimi niliyekuwa nimeshasikia kila neno.

"Papa Shabani. Anasema nini?"

Kiswidi alikijua vizuri. Alitaka tu kulisikia kwa lugha nyingine, ahakikishe kama ni lile lile.

"Anasema kazi yako nzima, Mama Solange. Na nyumba wamesema ni yako."

Hakulia, wala hakupiga vigelegele. Aligeukia foleni. Aliyekuwa mbele alikuwa kasichana kadogo kenye meno ya mbele yaliyong'oka, sahani kameinyoosha, hakajui lolote. Solange akamwekea chapati. Akamwekea ya pili. Akamwekea ya tatu, ya nne, akaendelea kuweka, mpaka sahani ikainama na kale kasichana kakaishika kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kakiogopa kupumua kusije kukatokea mtu wa kuzirudisha.

Gunilla alikuwa amesimama pembeni, anaona. Akasogea mpaka kwa mtoto, akaitazama ile sahani kwa makini, akachukua kijiko, akamwongezea jamu.